Ahsante, Alhamdulillahi, Nimeshiba

Picha ilifika kwenye simu yangu baada ya sala ya adhuhuri. Ilitoka kwa dada yangu anayekaa Pate, ingawa simu iliyoituma ilikuwa ya jirani yake, maana yeye ana ile ndogo ya kubonyeza tu. Ilikuwa picha ya sahani. Sahani ya bati yenye maua ya buluu ukingoni, na ndani yake mifupa ya samaki changu iliyochambuliwa hadi ikawa myeupe. Chini yake jirani alikuwa ameandika maneno ya dada yangu: "Amekula. Na ameongeza."

Baba mwingine angeinua mikono akashukuru. Binti yangu alikuwa hali chakula nyumbani kwangu tangu mama yake afariki, na mifupa ya mabega yake ilikuwa imeanza kuonekana juu ya leso. Mimi niliitazama ile mifupa ya samaki na moyo ukaniwaka. Kwangu kulikuwa na mchele mzuri, samli, papai lililoiva, na hakugusa. Kwa dada yangu, katika nyumba yenye paa linalovuja, ameongeza. Niliilaza simu kifudifudi chini ya mto.

Binti yangu ana usonji. Neno hilo tulilipata kwa mwalimu mmoja wa kike, mgeni kutoka bara, wakati binti alikuwa ameshapelekwa chuoni kusoma Kurani na kurudishwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimemnywesha kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi, na alilinywa kwa furaha kwa sababu aliipenda rangi yake. Mwalimu alitueleza kwamba si maradhi wala si jini, ni namna akili yake ilivyoumbwa. Sauti ambazo sisi huzisikia na kuzisahau, yeye humwingia zote kwa pamoja. Na jambo akifundishwa, hulishika kama alivyofundishwa. Halipunguzi, wala halihamishi mwenyewe kwenda kwenye jambo jingine linalofanana nalo. Mke wangu alisikiliza na kuuliza maswali. Mimi nilikuwa nikiitazama saa yangu.

Ningesikiliza, ningeona kwamba mambo hayo yalikuwa mbele ya macho yangu. Neno "paka", kwa mfano, lilikuwa la paka mmoja tu, mwekundu, aliyelala kwenye daka letu, yaani pale kibarazani mbele ya mlango. Paka wengine wa mji wetu wa Amu, na Mungu ndiye ajuaye idadi yao, hawakuwa paka mpaka mama yake alipomwonyesha mmoja mmoja. Punda akilia kichochoroni, binti aligandisha paji la uso ukutani, kwenye ubaridi wa chokaa, akakaa hivyo mpaka mlio uishe ndani yake, na kwake uliisha muda mrefu baada ya kuisha kwetu.

Tena alikuwa na kazi yake. Wageni wakivua viatu mlangoni, yeye alivipanga. Viatu vya mgeni wa kuondoka vilitazama nje. Vya mgeni wa kulala kwetu vilitazama ndani. Hakumwuliza mtu. Alikaa pembeni akichezea pindo la leso, nasi tukidhani hasikilizi, kumbe amesikia nani anakwenda na nani anabaki. Wenzangu wa barazani walicheka. Mimi nilicheka nao.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu bila hilo wivu wangu hauna kichwa wala miguu.

Kwetu, mtu akila na mlango uko wazi, kila apitaye hukaribishwa. "Karibu chakula." Naye apitaye huweka mkono kifuani akajibu, "Ahsante, alhamdulillahi, nimeshiba," akaendelea na njia yake, hata kama tumbo lake limeshikamana na mgongo. Anayekaribisha anajua samaki ni mmoja, na anayekaribishwa anajua pia. Hakuna aliyewahi kufundishwa jambo hili. Tunalinyonya na maziwa.

Binti yangu hakulinyonya. Siku moja, akiwa msichana mdogo, alipita mlangoni kwa mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye alikuwa ameketi na wakwe zake watarajiwa, watu wa heshima waliokuja kuzungumzia ndoa. Mzee akamwambia, "Karibu, mwanangu." Binti akaingia, akanawa mikono, akaketi kwenye mkeka kati ya wageni, akavuta kichwa cha samaki kilichowekewa mkubwa wa msafara. Alikila vizuri, hakuacha hata jicho.

Jioni yake barazani yule mzee alinigeukia. "Bwana, binti yako kwangu ameshiba. Sijui kwako mwapika nini."

"Labda wapika maneno matupu," mwingine akadakia, na baraza zima likaangua kicheko.

Nilirudi nyumbani masikio yakiwa moto. Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri nilikaa naye kwenye daka nikamfundisha. Mimi nilikuwa mwenye chakula, yeye mpita njia. "Karibu!" nilimwambia, na yeye ajibu kama nilivyomwelekeza. Sikuridhika na maneno peke yake. Nilitaka mkono uwe kifuani, kichwa kiinamishwe kidogo, na ile "alhamdulillahi" ivutwe katikati kama alivyokuwa akiivuta marehemu baba yangu. Akipatia nilimtia kipande cha halwa mkononi. Alijifunza upesi kuliko nilivyodhani. Alichukua kila kitu, pamoja na nisichomfundisha: mimi hukohoa kidogo kabla ya kusema jambo la heshima, na yeye akakohoa vilevile.

Nilimpitisha mtaani kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mnada. Walimkaribisha kila mlango, akajibu kila mlango. "Mashaallah," wakasema, "binti ana adabu."

Mke wangu peke yake hakufurahi. Alikuwa akichagua mawe kwenye mchele, akaniambia bila kuinua uso, "Umemfundisha kukataa. Kukubali utamfundisha lini?"

"Kukubali nako kwafundishwa?" nikamjibu, na nilijiona nimesema neno la akili.

Yeye mwenyewe alikula na binti yetu katika sinia moja. Hakumwita wala kumwambia neno. Aliketi, akakanda tonge lake, na wali uliokuwa upande wake akausukuma upande wa mtoto taratibu. Miaka yote ilikwenda hivyo, na mimi niliona ni mapenzi ya mama tu. Nilimwonea wivu hata yeye. Binti akikaa, alikaa ubavuni kwa mama yake. Akicheka, alicheka akitazama mikono ya mama yake. Mimi nilikuwa mtu anayepita nyumbani mwangu.

Basi mama yake alipofariki, nilijiambia, Mungu anisamehe, kwamba sasa itakuwa zamu yangu. Nilitandika mkeka kiwandani, pale uani penye mwanga. Nilipakua vizuri. Kwa kuwa nilitaka kuanza naye upya, nilimkaribisha kwa heshima ambayo sikuwahi kumpa mtoto. "Karibu, mama. Bismillahi."

Akaweka mkono kifuani. "Ahsante, alhamdulillahi, nimeshiba."

Machozi yalimtoka huku sahani iko mbele yake. Nikasema ni msiba. Kesho yake nikamkaribisha kwa upole zaidi, na kesho kutwa zaidi ya hapo. Jibu lilikuwa lilelile. Kwetu jibu hilo ni kama pumzi, nani husikiliza pumzi? Binti aliishi kwa biskuti alizojitolea mwenyewe kwenye kopo, na maziwa niliyoyasahau juu ya meza. Nilianza kuudhika. Niliona ananikataa mimi, si chakula.

Dada yangu alikuja kutoka Pate, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Nduyangu, mwana huyu amekonda."

"Ana huzuni."

"Huzuni haili nyama ya mabega. Nipe niende naye kwangu siku chache."

Nilimpa. Watu walinisifu kwa kumpa, lakini ukweli ni kwamba nilimpa nikitaraji ashindwe. Nilitaka arudi naye akiwa vilevile, aseme mbele za watu kwamba mtoto huyu hawezekani, ili kushindwa kwangu kupate mwenzake.

Ndipo zikaja picha. Baada ya mifupa ya changu ilikuja sufuria iliyokombwa. Kisha ikaja picha ya binti mwenyewe akiwa na mafuta kidevuni, hatazami kamera, anatazama kitu pembeni, na ametabasamu. Kila ilipoingia nilijisikia kama mtu aliyeibiwa ambaye mwizi anamletea habari za mali yake. Dada yangu alipopiga simu niliiacha ilie. Barazani nilisema neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa peke yangu hunifanya nitikise kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Nilisema, "Dada yangu hakujaaliwa kuzaa, sasa ameokota wangu. Nani ajuaye amemtilia nini kwenye chakula."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa kichwa cha samaki, ambaye binti yangu alimwaibisha mbele ya wakwe, ndiye aliyeniambia, "Bwana, neno hilo limeze."

Sikulimeza. Nilikwenda sokoni nikanunua changu mkubwa kuliko yule wa kwenye picha, nikamtia kwenye kisanduku cha barafu, nikachukua na mchele na samli ya nyumbani kwangu. Mashua ya abiria ya kwenda Mtangawanda, bandari ya Pate, huondoka maji yanapotaka, si mtu anapotaka, na siku ile tulikaa gatini mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikipakata kisanduku njia nzima. Pale Mtangawanda nilipanda pikipiki hadi mji wa Pate, kisanduku kikiwa kati yangu na dereva, na maji ya samaki yakimlowesha mgongo. Nilikuwa nakwenda kumrudisha mwanangu, na nilitaka arudi kwa sababu ya chakula changu.

Dada yangu alikuwa mlangoni akifunga majani ya tumbaku. Binti yangu alikaa karibu naye, anachukua jani, analinusa kwa muda, analiweka chini, anachukua jingine. Aliponiona alitazama miguu yangu. Nikavua viatu. Akainuka, akavipanga: vikatazama nje.

"Ndo kwanza nafika," nikasema, "na tayari nafukuzwa?"

"Hufukuzwi," dada yangu akasema. "Amekusikia ukimwambia dereva aje kesho akutwae. Ndoo, nduyangu, ukae. Na hicho ni nini? Umekuja na jiko lako pia?"

Nilisisitiza kupika mwenyewe. Dada yangu aliniachia jiko akabaki mlangoni akiniimbia kwa kunikejeli, maneno yake ya kutunga, ya bwana harusi aliyekuja na pilau yake kwa sababu hakuwaamini wapishi. Nilipomaliza, alinipokonya sahani ya maua ya buluu, akapakua, akaiweka mkekani karibu na goti la binti yangu. Hakusema neno. Alimpa mgongo akarudi kwenye tumbaku yake.

Binti alisubiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akaanza kula.

Anakula samaki wangu. Nilimwona akichambua mwiba, akiulaza ukingoni mwa sahani, kila mwiba sambamba na mwenzake. Furaha ilinipanda, na wivu ukapanda nayo, kwa sababu alikuwa amekaa amemwelekea shangazi yake na hakujua samaki ametoka wapi. Nilitaka ajue. Nikainama, nikakohoa kidogo, nikasema kwa heshima zote, "Karibu, mama. Kula. Samaki wa baba huyo."

Mkono ukasimama hewani. Akalirudisha tonge sahanini. Akakohoa. Kikohozi changu. Akaweka kifuani mkono wenye punje za wali, akainamisha kichwa, na sauti iliyotoka, ile iliyovutwa katikati, ilikuwa yangu na ya marehemu baba yangu.

"Ahsante, alhamdulillahi, nimeshiba."

Tumbo lake likanguruma, nikalisikia. Machozi yakaanza kumtoka, yaleyale ya kiwandani kwangu.

Nilibaki nimeinama. Msiba ulikuwepo, sikatai, lakini machozi yale hayakuwa ya msiba. Yalikuwa ya mtu mwenye njaa aliyeambiwa na baba yake kwamba anayekaribishwa hali, na anamwamini baba yake.

"Ewe Bwana Adabu!" dada yangu aligeuka. "Umemwambiani?"

"Nimemkaribisha."

"Wata kumkaribisha! Mwana ana ndaa."

Aliichukua sahani, akaingia nayo nyuma ya pazia, akatoka nayo tena kana kwamba ni nyingine, akaiweka. Akanishika mkono akanitoa nje. Tulisimama uani. Baada ya muda tulisikia mwiba ukigusa bati.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua siku ya pili tu. Siku ya kwanza nilimkaribisha, akanijibu, na kile kikohozi chako kimo. Nikasema, huyu si mwana anijibuye, ni nduyangu. Kesho yake nikanyamaza, nikaweka sahani nikaenda zangu. Akala."

"Na hukuniambia?"

"Nilikupigia, hukushika. Nikakuletea picha, hukujibu. Kisha yakanifikia maneno yako ya barazani. Ulidhani mashua hubeba mchele peke yake?"

Nikamwomba radhi, na yeye akapangusa mikono yenye tumbaku kwenye kanga yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nami nikwambie la kweli," akasema. "Hata baada ya hapo ningeweza kutuma mtu akueleze. Sikutaka. Miaka yote umenijia Idi kwa Idi na mwana mkononi, ukisema mwana huyu ni mzigo. Mzigo! Mimi nikikutazama. Safari hii nilikuwa na jambo lake nilijualo mimi nawe hulijui, na wallahi, ndugu yangu, lilikuwa tamu."

Tulicheka kidogo, si kicheko kizuri. Kisha nikamwambia kwamba kwa kuwa sasa nimejua, nitaondoka na binti yangu kesho. Nitanyamaza, nitaweka sahani, atakula. Hakuna tena sababu ya yeye kukaa Pate.

"Muulize mwenyewe."

Nilimwuliza. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia kwamba nyumba ya Amu ipo, paka mwekundu hayupo tena lakini daka lipo, na kesho mimi nakwenda. Alikuwa akitazama tundu la paa, mahali mwanga unaposhuka na vumbi ndani yake. Hakujibu. Nilichukua kimya chake kama kukubali, kama mtu anavyochukua kimya cha bibi harusi. Sisi watu wa adabu tuna desturi ya kusikia tunachotaka.

Asubuhi dereva wa pikipiki alipiga honi. Dada yangu aliita kutoka uani, "Fanya haraka, mai yakupwa, mashua haitakungoja!" Nilitoka na kisanduku changu kitupu. Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa. Vyangu vilitazama nje. Ubavuni mwavyo palikuwa na viatu vya dada yangu na vya binti yangu, jozi mbili zimegusana, zinatazama ndani.

Nilivitazama. Hakukuwa na mtu. Nitaandika nilichofanya: kwa kidole cha mguu nikakigeuza kiatu kimoja cha binti yangu kikatazama nje. Halafu cha pili.

Akatokea ndani. Hakunitazama wala hakukasirika. Alichuchumaa akavirudisha, kimoja, kisha cha pili, kama mtu anavyoweka sawa kitu kilichoangushwa na upepo. Akaona kamba ya kiatu changu imejikunja, akainyoosha. Kisha akarudi kwenye tumbaku.

Nikavaa viatu vyangu nikaenda.

Siku hizi mimi huenda Pate kila niwezapo. Wivu haukuniacha. Dada yangu akishinda na homa, binti hukaa mlangoni mwa chumba chake amegandisha paji la uso ukutani, na mimi najua kwangu asingekaa hivyo, kisha naona haya kwa kuwa nimelipima hata hilo. Tukila sinia moja sote watatu, binti hukisukuma kichwa cha samaki kwa kidole, taratibu kama alivyokuwa akifanya mama yake, mpaka kifike upande wa shangazi yake. Dada yangu hunitazama akitafuna, na hasemi kitu, maana alishapata utamu wake.

Lakini binti hula nami hapo. Nimejifunza kuweka sahani na kugeuka. Nimejifunza kufunga mdomo, na kwa mtu aliyelelewa kama mimi hilo si jambo dogo, kwa sababu mlango wa dada yangu uko wazi na uko njiani, na watu hupita, na binti hatofautishi "karibu" aambiwayo yeye na aambiwayo mpita njia.

Juzi alipita mzee wa pale Pate anayetoka msikitini, mtu wa rika langu, mwenye kanzu safi. Tulikuwa tunakula, binti na mimi, dada yangu yuko uani. Mzee akatoa salamu, nikaitikia. Akasimama kidogo, kama inavyostahiki, akinipa nafasi ya kusema neno linalostahiki. Mkono wa binti yangu ulikuwa kati ya sahani na kinywa. Nikainamisha macho kwenye mkeka. Mzee akangoja, akakohoa, akaondoka, na nilimsikia hatua chache mbele akimwambia mtu, "Yule bwana wa Amu ni mchoyo, hajui hata kukaribisha."

Binti yangu akalitia tonge kinywani.